UZI: Fremu isiyo na pembetatu, itaruhusiwa mbioni au itarudishwa nyumbani?

Mkaguzi wa Njoro (Nakuru)

Wadau wa baiskeli, salaam. Mimi ni mmoja wa wanaokagua baiskeli asubuhi kabla ya mbio zetu za wikendi hapa Nakuru, na kila msimu ukikaribia hunifikia swali moja kwa sura mbalimbali: nimepata fremu ya ajabu kwenye mtumba, nitaruhusiwa? Safari hii limekuja na picha. Fremu haina bomba la kiti. Boriti moja ya kaboni inaanzia karibu na usukani, inarudi nyuma peke yake, na siti imefungwa kwenye ncha yake huku chini kukiwa hewa tupu. Mwenyewe kaipata kwa bei nafuu kuliko baiskeli ya kawaida ya kiwango hicho, na kabla hajafunga hata pedali ameshaambiwa kijiweni kwamba "hizo zimepigwa marufuku dunia nzima".

Si kweli, na uvumi huu unawanyima watu mbio. Marufuku ipo, lakini ina mwenyewe, ina mahali pake na ina sababu zake. Nataka tuvitenganishe vitu hivyo.

Mstari wa kwanza ulichorwa zamani sana. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda baiskeli ya kulalia chali iliyoundwa na Charles Mochet, akavunja rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi mtu aliowahi kwenda ndani ya saa moja, kwa kilomita 45.055. Rekodi hiyo alikuwa nayo Oscar Egg tangu 1914. Faure hakuwa nyota wa enzi zake, na hilo ndilo lililowauma wengi: mtu wa daraja la pili amewapita wakubwa wote kwa sababu ya chombo. UCI, chama cha kimataifa cha baiskeli, kikaandika upya mwaka 1934 maana ya baiskeli ya mashindano, safari hii kwa vipimo, na baiskeli ya kulalia ikabaki nje. Nje huko haikufa. Mwaka 2016 huko Battle Mountain, Nevada, Todd Reichert alifika kilomita 144.17 kwa saa akiwa amelala ndani ya baiskeli iliyofunikwa ganda zima, kwa nguvu za miguu yake tu. Ukiona tarakimu hiyo unaelewa kwa nini chombo kile hakiwezi kuchanganywa na baiskeli zetu kwenye barabara moja.

Mstari wa pili ndio unaotuhusu zaidi, na mtu wake ni Graeme Obree wa Uskoti. Huyu alijiundia baiskeli mwenyewe, na ndani yake aliweka beringi za mashine ya kufulia nguo. Alitaka ekseli ya pedali iwe nyembamba ili magoti yakaribiane, kwa hiyo akaondoa bomba la juu lililokuwa likimgusa miguu. Mikono aliikunja chini ya kifua. Julai 1993, huko Hamar nchini Norwe, alikwenda kilomita 51.596 kwa saa moja na kuwa bingwa wa rekodi. Mwaka uliofuata UCI ikauzuia ule mkao. Akaja na mwingine, mikono imenyooshwa mbele kabisa, akawa bingwa wa dunia 1995. Nao ukazuiwa baada ya Chris Boardman kuutumia kufikia kilomita 56.375 mwaka 1996. Umbali huo haukupitwa hadi Oktoba 2022, Filippo Ganna alipofika 56.792 akiwa na mkao unaoruhusiwa. Miaka 26!

Boardman huyo huyo ndiye aliyechukua dhahabu ya Barcelona 1992 juu ya Lotus 108, fremu ya kaboni ya kipande kimoja iliyobuniwa na Mike Burrows, isiyofanana na pembetatu hata kidogo. Baada ya miaka hiyo ya ubunifu UCI ilikutana Lugano, Oktoba 1996, ikatangaza kwamba mbio ni za mtu kwanza, chombo baadaye. Kuanzia Januari 2000 fremu za mbio za barabarani zikatakiwa zijengwe kwa mabomba yaliyopangwa kwenye pembetatu kuu. Hapo ndipo boriti, fremu zenye umbo la Y kama ile Trek Y-Foil, na ndugu zao wengine walipotoka kwenye mbio za UCI.

Sasa sikilizeni sehemu inayosahaulika kijiweni. Triathloni, ule mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, haikufuata mkondo huo. Wanatriathloni walikuwa na vishikio vya kulaza viwiko kabla ya Greg LeMond kuvitumia Paris mwaka 1989 na kumnyang'anya Laurent Fignon ushindi wa Tour de France kwa sekunde 8. Mchezo wao ulizaliwa kwa kujaribu vitu. Boriti ya Softride na ile ya modeli iitwayo Zipp 2001 ziliendelea kuonekana kwao zilipokuwa zimefukuzwa kwingine, na baadaye wakaja watengenezaji wapya: Dimond, Ventum isiyo na bomba la chini, Cervélo P5X ya 2016. Watu wazima wanauza na kununua baiskeli hizi leo, na kuzipanda kwenye mbio halali kabisa.

Tofauti inatokana na jambo moja: je, mnaruhusiwa kudrafti, yaani kujificha nyuma ya mwenzako ili upepo usikupige? Mbio za triathloni ambazo kudrafti kunaruhusiwa, kama zile za Olimpiki, hupandwa kwa baiskeli za barabarani zinazofuata kanuni za UCI, kwa sababu watu wako bega kwa bega. Mbio zisizoruhusu kudrafti, kama za Ironman, zile triathloni za masafa marefu, ambako wanariadha wa kawaida huachiana mita 12, kila mtu yuko peke yake na upepo wake. Fremu ya ajabu pale haimgusi jirani.

Msimamo wangu nauweka wazi. Mbio zetu za wikendi, za Nakuru, Kisumu, Kakamega, Kericho, zisirudishe mtu kwa sababu ya umbo la fremu. Tuzuie kinachohatarisha wengine na kinachobadilisha mchezo wenyewe. Umbo tuliache.

Sababu yangu kubwa ni haki. Katika upepo wote unaokuzuia, asilimia 70 hadi 80 ni mwili wako mwenyewe. Fremu inagawana kilichobaki na magurudumu na vifaa vingine. Boriti ya miaka ya 1990 inayoingia nchini na mzigo wa mtumba haina uchawi wowote mbele ya fremu mpya ya kaboni iliyopitishwa na UCI na kubandikwa stika. Tukinakili kanuni ya pembetatu neno kwa neno, tutamrudisha kijana wa Njoro aliyekusanya vipande vyake mwaka mzima, na kumpisha mwenye chombo kipya cha bei ya gari. Haki gani hiyo? Stika ile imeanza kutakiwa kwa fremu mpya tangu 2011, na ni ya mbio zilizo chini ya kanuni zile. Kwenye mbio za mtaani haina kazi.

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Mkaguzi, asante kwa somo. Mimi nina swali la upande wa karakana. Hapa sokoni tangu watu waanze kuona hizo picha, nimeletewa fremu za chuma mara kadhaa, zikiwemo zile Black Mamba nzito, mtu anataka nikate bomba la kiti na nichomelee boriti juu. Wanasema wanapunguza uzito. Kanuni zinasemaje kuhusu fremu ya kujitengenezea? Maana huyo Obree mwenyewe umesema alikuwa kama sisi wa jua kali.

Mkaguzi wa Njoro (Nakuru)

Fundi, nashukuru umeuliza, maana hapa ndipo mtu anaweza kuumia. Obree alibuni fremu nzima akijua uzito unapita wapi. Kukata bomba kwenye fremu iliyokwisha kuundwa ni kazi nyingine kabisa.

Pembetatu ni umbo lisilokunjika mpaka moja ya pande zake ivunjike. Mtu akikaa kwenye siti, uzito unashuka kwenye bomba la kiti moja kwa moja hadi kwenye ekseli ya pedali, na mabomba mengine mawili yanazuia usitoke pembeni. Ukiondoa bomba la kiti, uzito wote unabaki ukining'inia kwenye ncha ya boriti, na kila shimo barabarani linaupindisha mzizi wa boriti pale mbele. Watengenezaji wa boriti halali waliunda kaboni nene na pana sehemu hiyo kwa makusudi. Bomba la juu la Black Mamba ni chuma chembamba kilichokusudiwa kubanwa na wenzake, hakikukusudiwa kubeba mtu peke yake. Halafu pale ulipochomelea chuma kimepata moto, na ufa huanzia pembeni ya mchomeleo, polepole, ndani ya rangi, usiuone. Unavunjika ukiteremka kutoka Maragoli kuelekea Kisumu, kasi 60.

Kwa hiyo kwenye ukaguzi wangu fremu iliyokatwa na kuchomelewa upya kwenye mizizi haipiti, na hapo sitazami umbo, natazama kazi iliyofanywa. Fremu iliyoundwa tangu mwanzo na fundi, pembetatu au la, naichukulia kama yoyote: tunaangalia michomeleo, tunaangalia kama foki imenyooka, tunabana breki mbili hadi mwisho na kuisukuma. Na ukiletewa tena kazi hiyo, kaka, ikatae. Mwambie mteja apunguze uzito kwenye magurudumu, huko ndiko atakapohisi tofauti akipanda mlima.

Dada wa Ahero

Salaam kwenu. Mimi nafanya mazoezi ya Ironman 70.3 ya Rubavu, Rwanda. Kilomita 90 za baiskeli, milima mitupu. Nimeazimwa baiskeli ya boriti na rafiki aliyerudi kutoka Marekani. Naipenda, mgongo hauniumi kama zamani nikitoka Ahero hadi Awasi na kurudi. Lakini nina hofu nisije nikafika mpakani na mzigo wote huo halafu mwamuzi aniambie sitaingia. Pia nataka kuitumia kwenye mbio za Kisumu za kundi. Inawezekana vyote viwili?

Mkaguzi wa Njoro (Nakuru)

Dada, hongera kwa mazoezi. Rubavu hakuna tatizo la umbo. Ironman wana kanuni zao wenyewe na boriti si ngeni kwao. Huko ndiko ilikojipatia jina. Wanachokataa ni baiskeli ya kulalia na ganda la kukinga upepo. Lakini usiende kwa maneno yangu tu. Mwandikie mwamuzi mkuu mapema, mtumie picha ya baiskeli kutoka ubavuni ukiwa umekaa juu yake, na majibu yake uyachapishe uende nayo kwenye ukaguzi. Kanuni za triathloni karibu kila mahali zina kifungu kinachosema kifaa kipya au kisicho cha kawaida kiidhinishwe kabla ya siku ya mbio. Ukisubiri asubuhi ya mbio unamlazimisha mwamuzi aamue akiwa na haraka, na mwenye haraka husema hapana.

Kwa Kisumu jibu langu lina masharti. Fremu sawa. Vishikio vya viwiko uviondoe. Kwenye kundi mikono ikiwa kwenye vishikio hivyo iko mbali na breki, na mtu wa mbele akikwepa shimo pale Mamboleo utakuwa umempanda mgongoni kabla hujazigusa. UCI wenyewe hawaviruhusu kwenye mbio za kundi, na hapo nakubaliana nao mia kwa mia. Gurudumu lililozibwa nalo, hasa la mbele, liache nyumbani. Upepo wa ziwa ukianza kuvuma mchana unalichukua kama tanga. Hata Kona, Hawaii, kwenye mashindano makuu ya Ironman, magurudumu yaliyozibwa hayaruhusiwi kwa ajili ya upepo, na wale ni watu waliozoea.

Jambo lingine, boriti hupinda kidogo ukiikalia. Siti uliyopima ikiwa tupu si siti unayoendeshea. Muombe mtu akushike, ukae kwa uzito wako wote, ndipo apime urefu kutoka kwenye pedali. Wengi huumia magoti kwa sababu waliipima tupu.

Mwalimu wa Kakamega

Mkaguzi, nakuheshimu ila hapa nakupinga. Mimi nalea vijana. Lengo langu ni wafike mbio za shirikisho, na wengine wafike mbali zaidi. Kigali mwaka 2025 imeandaa mashindano ya dunia ya barabarani, mara ya kwanza Afrika, hapo tu jirani. Kijana wangu akizoea boriti kwa sababu wewe umemruhusu Nakuru, siku atakapofika kwenye mbio zenye leseni ataambiwa chombo chako hakifai. Amepoteza pesa, amepoteza mkao alioujenga. Si bora tuwe na kanuni moja kuanzia chini, tufuate UCI, kila mtu ajue?

Mkaguzi wa Njoro (Nakuru)

Mwalimu, hoja yako ni nzito na sitaipita juu juu. Kijana anayelenga leseni asinunue boriti. Hilo namwambia kila anayeniuliza, na nakuomba nawe uwaambie wako. Mbio za UCI zina mipaka ambayo haijadiliwi siku ile: magurudumu mawili yenye kipenyo sawa, urefu wote usizidi sentimita 185, upana 50, uzito usipungue kilo 6.8, na fremu ya pembetatu. Kijana wa aina hiyo avizoee mapema.

Lakini angalia wanaojipanga pale mstarini Jumamosi. Wangapi wanaelekea huko? Kuna mwalimu wa shule, kuna wa bodaboda anayependa kasi, kuna mama mwenye watoto watatu anayetaka kujipima, kuna mzee aliyestaafu ambaye mgongo wake unaidai ile boriti kuliko mwanamume yeyote wa UCI. Kanuni ya wataalamu iliandikwa kuzuia makampuni yasishindane kwa pesa badala ya wanariadha. Ukimshushia mzee wa Njoro kanuni hiyo, unamzuia mtu ambaye hakuwa tatizo lililoiandikisha. Hata Uingereza, ambako mbio za kushindana na saa ni za kila wiki na watu wa kawaida ndio wengi, chama chao cha Cycling Time Trials kina kanuni zake na hakiwabani watu kwa vipimo vya mkao vya UCI. Mchezo wao haujafa.

Ninaloliona linawezekana ni matangazo ya mbio yaseme waziwazi. Mbio zenye pointi za shirikisho ziandikwe kwamba kanuni za UCI zinatumika na fremu za boriti hazitapokelewa. Mbio nyingine ziandikwe kwamba umbo la fremu ni huru, baiskeli ya kulalia na maganda hayaruhusiwi, vishikio vya viwiko marufuku kwenye kundi, breki mbili zinazofanya kazi. Mistari miwili kwenye tangazo la WhatsApp. Kinachoudhi watu si kanuni kali, Mwalimu. Kinachoudhi ni kusafiri kutoka Busia usiku kucha na kuikuta kanuni mlangoni.

Mwalimu wa Kakamega

Hapo kwenye tangazo tumekubaliana. Nitaongeza: liandikwe wiki mbili kabla, na aliyekagua asiwe na mtu wake kwenye mbio. Kuhusu umbo bado sijashawishika kwa mbio za vijana chini ya miaka 18. Hao wapande pembetatu.

Mkaguzi wa Njoro (Nakuru)

Kwa vijana chini ya 18 nakubali. Na la mkaguzi kutokuwa na mtu wake ni sahihi kabisa, lingekuwepo siku nyingi.

Fundi wa Kibuye (Kisumu)

Swali la mwisho. Tukikubali umbo liwe huru, tunajuaje baiskeli haijavuka ikawa ya kulalia? Mtu anaweza kuleta kitu cha katikati. Mnapima vipi bila vifaa vya Ulaya?

Mkaguzi wa Njoro (Nakuru)

Timazi, fundi. Ile ile ya mwashi, uzi na chuma kidogo chini. Simamisha baiskeli sakafuni palipo sawa, si kwenye nyasi, gurudumu la mbele limenyooka. Shusha timazi katikati ya ekseli ya pedali, piga alama kwa chaki sakafuni. Kisha shusha timazi kwenye pua ya siti, piga alama ya pili. Kanuni za triathloni za Marekani zinasema pua ya siti isizidi sentimita 5 mbele ya ekseli ya pedali wala sentimita 15 nyuma yake, na mtu asiweze kuisogeza akiwa mbioni. Baiskeli ya kulalia haiwezi kupita hapo hata ikijaribu, maana siti yake iko nyuma mno.

Halafu pima kimo kutoka sakafuni hadi katikati ya ekseli ya pedali: iwe kati ya sentimita 24 na 30. Ikiwa juu zaidi, miguu imeanza kuinuka kuelekea mbele, na hicho ndicho kitu chako cha katikati. Mwisho, kutoka ekseli ya pedali hadi ekseli ya gurudumu la mbele, kwa mlalo, iwe kati ya 54 na 65. Hapo usiwe mkali kwa mtu mrefu sana au mfupi sana. Wamarekani wenyewe wanawapa nafuu, nasi tuna wasichana wa shule ambao fremu zao ni ndogo na watu warefu wa Nyanza ambao zao ni ndefu kihalali.

Ikiwa ni kaboni ya zamani, ongeza sarafu. Gonga boriti taratibu kuanzia mzizi hadi ncha. Mlio unatakiwa uwe mkavu na wa namna moja. Ukifika mahali mlio ukawa mzito, umefifia, simama hapo, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji na uangalie kwa tochi ya simu ukiielekeza ubavuni, sio moja kwa moja, ili ufa utupe kivuli. Nimekuwa nikianzia pale skurubu za siti zinapobana na pale boriti inapoingia kwenye fremu, kwa sababu mtu akikaza kupita kiasi hapo ndipo panapoumia. Ukiona ufa, usibishane na mwenyewe. Mpe kitambaa na tochi aangalie kwa macho yake.